Elektroni za Polepole na Molekuli Zinazokatika

Ukiwaambia watu kwamba unachunguza namna elektroni zinavyovunja molekuli, wengi hufikiria pigo kali: kitu kinakuja kwa kasi, kinagonga, vipande vinaruka. Kazi yangu ya maabara imekuwa upande mwingine kabisa wa jambo hilo. Elektroni ninazoshughulika nazo ni za polepole. Nyingine zina nishati iliyo karibu na sifuri, chini ya sehemu ya kumi ya elektronivolti moja, kipimo chetu kidogo cha nishati. Haziwezi kung'oa elektroni nyingine kutoka kwenye molekuli, maana hilo kwa kawaida hudai elektronivolti 8, 10 au zaidi. Hata hivyo hukata bondi za kemikali, na zikikutana na molekuli inayozifaa hukata kwa wingi kuliko elektroni zenye nishati kubwa zaidi yao.

Huyaweza hayo kwa kunaswa. Molekuli nyingi zina nafasi tupu ambazo elektroni ya ziada inaweza kukaa, na kila nafasi ina nishati yake. Elektroni ikija na nishati inayolingana, huingia, na molekuli nzima inakuwa ioni hasi ya muda, yaani molekuli yenye chaji hasi. Sisi wa fani hii huiita hali hiyo rezonansi. Katika molekuli ndogo huishi femtosekunde chache tu, na femtosekunde ni sekunde moja igawanywe mara milioni bilioni. Muda huo ni mfupi, lakini unatosha kubadilisha mambo, kwa sababu mara nyingi elektroni mpya hukaa mahali panapodhoofisha bondi, na viini vya atomi vilivyokuwa vimetulia huanza kuachana. Hapo mashindano yanaanza. Elektroni inaweza kutoka tena, kama mgeni aliyechungulia mlangoni akaghairi, na molekuli ikabaki nzima ikitetema kidogo. Au viini vinaachana hadi umbali ambao elektroni haina tena njia ya kutoka, na kipande kimoja kinaondoka nayo kikiwa ioni hasi. Kipande cha pili hubaki bila chaji, mara nyingi kikiwa radikali, yaani kitu chenye hamu ya kuungana na chochote kilicho jirani.

Mashindano hayo hatuyaoni kwa macho. Tunachopata ni hesabu ya ioni. Chombo chetu ni chemba ya chuma iliyonyonywa hewa hadi ombwe, na hata tukishaingiza gesi ya kupima, kanieneo ya ndani hubaki kama sehemu moja ya bilioni ya kanieneo ya hewa ya kawaida. Elektroni hutoka kwenye filamenti ya moto, zikiwa na nishati zilizotawanyika kama nusu elektronivolti. Mtawanyiko huo ni mpana mno kwa kazi yetu. Kwa hiyo tunazipitisha mahali ambapo uga wa umeme unakatana na uga wa sumaku. Zinakwenda kwa kujipinda, zenye kasi tofauti zinaachana pembeni, na tundu dogo linaruhusu kupita zile tunazozitaka tu. Mtindo huo waliutengeneza Stamatovic na Schulz mwishoni mwa miaka ya 1960, na mpaka leo maabara nyingi zinautumia. Mkondo unaobaki ni mdogo sana, wa nanoampia chache. Unakatana na mwale wa gesi, ioni zinazozaliwa zinavutwa taratibu kwenye spektromita ya masi, kifaa kinachozitenga kwa uzito, kisha zinahesabiwa moja moja.

Unachagua masi moja, unapandisha nishati ya elektroni kidogo kidogo kutoka sifuri hadi elektronivolti 15, na kwenye skrini unachorwa mchoro wenye vilele. Kila kilele ni mlango. Kati ya vilele mara nyingi hakuna kitu kabisa, na tupu hiyo ina habari nyingi kama vilele vyenyewe: inasema kwamba elektroni za nishati hiyo zinapita bila molekuli kuzinasa.

Jambo lililonichukua muda mrefu kuliko yote kulimudu ni sifuri. Voltimita inaweza kukuambia elektroni zina nishati fulani, na ukweli ukawa umehama. Kila molekuli inayogusa filamenti au kuta za chuma inabadilisha uso wake, na uso ukibadilika, kipimo cha nishati nacho kinateleza. Sampuli zenye klorini au bromini ni sumbufu zaidi. Ndiyo maana kabla na baada ya kila kipimo tunaingiza salfa heksafloridi. Molekuli hii ina hamu ya elektroni zilizo karibu kusimama kuliko karibu kila kitu tunachokijua. Kilele chake ni chembamba na kimesimama pale pale kwenye sifuri, kwa hiyo tunakitumia kupanga kipimo kizima. Upana wa kilele hicho unatuambia pia mwale wetu wa elektroni ni safi kiasi gani.

Salfa heksafloridi inastahili aya yake, kwa sababu inafanya kitu ambacho molekuli ndogo haziwezi. Ikinasa elektroni ya sifuri kwenye halijoto ya kawaida, kwa sehemu kubwa haivunjiki. Ina atomi 7, na atomi hizo zinaweza kutetema kwa namna 15 tofauti. Nishati inayopatikana kwa kunasa elektroni hutawanywa humo, na ioni nzima inaishi muda wa kutosha kufika kwenye kigunduzi, mikrosekunde nyingi baadaye. Ukiipasha moto gesi, ioni ya SF₅⁻, iliyopoteza florini moja, inaongezeka, kwa maana joto linaongeza kile kidogo kilichokuwa kinapungua ili florini moja iachie. Tabia hii ya kumeza elektroni ndiyo iliyoifanya gesi hiyo itumike ndani ya swichi za umeme wa msongo mkubwa: elektroni huru zinanaswa kabla hazijaanzisha cheche. Gharama yake ni kwamba ikivuja angani hunasa joto la dunia zaidi ya mara 20,000 kuliko kaboni dioksidi ya uzito ule ule, kwa kipimo cha miaka 100. Sisi tunaiingiza kwa kiasi kidogo mno, na bado hainipendezi kuiona ikitumika ovyo.

Mwalimu aliyenilea katika kazi hii alinifundisha kuanza kila molekuli kwa hesabu. Kukata bondi kunadai nishati. Atomi au kipande kinachochukua elektroni kinarudisha nishati. Toa cha pili kutoka cha kwanza, na utajua elektroni inatakiwa ije na kiasi gani angalau. Chukua kaboni tetrakloridi. Bondi moja ya kaboni na klorini humo inadai kama elektronivolti 3, na klorini ikipata elektroni inarudisha 3.61. Kuna ziada. Elektroni haihitaji kuja na kitu, na kweli ioni ya klorini inamiminika kwenye sifuri kabisa, halafu kuna kilele cha pili, kidogo zaidi, karibu na 0.8. Chukua sasa haidrojeni kloridi: bondi yake ni 4.43, klorini ni ile ile, kwa hiyo deni ni 0.82. Ukitazama mchoro wake, chini ya 0.82 ni kimya, na hapo hapo mstari unapanda wima kama ukuta. Mara ya kwanza kuuona mstari huo ukisimama mahali ulipotabiriwa kwa kutoa namba mbili kwenye karatasi, nilielewa kwa nini watu wanazeeka katika fani hii.

Kuna sababu nyingine inayofanya elektroni za sifuri ziwe na nguvu ya ajabu. Elektroni pia ni wimbi, na kadiri inavyokwenda polepole ndivyo wimbi lake linavyorefuka. Yenye elektronivolti 0.01 ina urefu wa wimbi wa kama nanomita 12, ilhali molekuli ya kaboni tetrakloridi haifiki nanomita 1. Elektroni ya namna hiyo haihitaji kuilenga molekuli; inaizunguka tayari ikiwa bado mbali. Ndiyo maana uwezekano wa kunaswa unazidi kupanda kadiri nishati inavyoshuka, jambo ambalo mgeni wa fani huona kama limegeuzwa kichwa chini.

Wingi huo una usumbufu wake wa kila siku. Ukishapima kitu chenye klorini, kuta za chemba zinakihifadhi. Unasafisha, unapasha chemba moto, unaweka sampuli nyingine isiyo na klorini hata chembe, na bado kwenye masi 35 kuna kilele kwenye sifuri. Njia ya kukitambua ni kuangalia 37. Klorini ya asili ina isotopu mbili, yaani atomi za aina mbili za uzito, na ile ya 35 ni kama mara tatu ya ile ya 37. Vilele viwili vikisimama kwa uwiano huo, umbo moja, nishati moja, basi ni klorini, haijalishi sampuli yako inaitwaje. Wanaokuja kujifunza kwetu ninawaambia wasiandike kitu chochote kuhusu kilele cha sifuri mpaka wameuliza swali hilo. Uchafu kidogo sana wenye klorini unaweza kung'aa kuliko sampuli nzima.

Hesabu ya deni ina mpaka wake, na mpaka huo ndio ulionifunza zaidi. Methili kloridi ina bondi ya kaboni na klorini inayodai kama 3.6. Klorini inarudisha 3.61. Karatasi inasema mlango uko wazi, au unakaribia kuwa wazi. Ukiiweka kwenye chombo kwa halijoto ya kawaida, karibu huoni kitu. Ikilinganishwa na kaboni tetrakloridi, inanasa elektroni za polepole kwa kiwango kilicho chini zaidi ya mara milioni. Sababu ni njia. Ili ioni ya muda iweze kuzaliwa na kukatika, bondi inatakiwa iwe imeshanyooka kuliko kawaida yake, na molekuli iliyo baridi haifiki huko. Ipashe moto, itetemeke, bondi irefuke, na ioni za klorini zinaanza kuonekana, zikiongezeka kwa kasi kadiri joto linavyopanda. Nishati inayotosha ni sharti la kwanza tu. Sharti la pili ni umbo ambalo molekuli ilikuwa nalo wakati elektroni inafika.

Mfano ulio safi kuliko yote ni haidrojeni yenyewe, molekuli ndogo kupita zote. Bondi yake ni 4.48, atomi ya haidrojeni inarudisha 0.75 tu, kwa hiyo deni ni karibu 3.73, na kweli ioni ya H⁻ inaanza hapo. Lakini ni chache mno, kwa sababu ioni ya muda ya haidrojeni inakufa mapema, elektroni inatoka kabla viini havijafika mbali. Sasa badilisha haidrojeni kwa dutiriamu, yaani haidrojeni nzito. Kemia ni ile ile, nafasi tupu za elektroni ni zile zile, nishati karibu ni zile zile. Kilichobadilika ni uzito wa viini: ni mara mbili, kwa hiyo vinaachana polepole zaidi. Schulz na Asundi walipima hilo katikati ya miaka ya 1960 wakakuta ioni za dutiriamu ni chache kuliko za haidrojeni kwa kama mara 200. Mara 200, kwa sababu viini vimechelewa femtosekunde chache! Na mwaka 1978 Allan na Wong walionyesha upande wa pili: ukiipasha moto haidrojeni mpaka molekuli ziwe zinatetema kwa ngazi ya nne, uwezekano wa kukatika unapanda mara elfu kumi hivi. Wanaotengeneza vyanzo vya ioni hasi za haidrojeni wanalijua jambo hili vizuri. Molekuli zinazotetema sana ndizo zinazowapa ioni.

Nikisema "mashindano", basi, ninamaanisha hivyo. Viini vikichelewa kidogo, matokeo yanashuka mara mia mbili.

Kilichonivuta kwenye fani hii, hata hivyo, hakikuwa haidrojeni. Ni DNA. Mionzi ikipita ndani ya chembe hai, kila elektronivolti milioni moja inayoachwa humo huzaa makumi ya maelfu ya elektroni za pili, yaani zile zinazong'olewa na mionzi, na nyingi zao zina nishati chini ya 30. Kwa muda mrefu hizo zilionekana kuwa mabaki yasiyo na madhara makubwa. Mwaka 2000 kundi la Léon Sanche huko Sherbrooke, Kanada, lilichapisha jaribio ambalo DNA kavu iliwekwa kwenye ombwe na kupigwa kwa elektroni za nishati kati ya 3 na 20. Nyuzi zilikatika, moja na hata mbili kwa pamoja, kwenye nishati ambazo zilikuwa ndogo mno kuweza kung'oa elektroni yoyote kutoka kwenye DNA. Na mchoro ulikuwa na vilele, alama ya kunaswa. Miaka minne baadaye kundi hilo hilo likaonyesha uzi mmoja ukikatika hata chini ya elektronivolti 4. Nilipoisoma makala ya kwanza sikuweza kuiweka chini. Elektroni iliyochoka, iliyokwisha kugongana na kila kitu, bado ina kazi ya mwisho inayoweza kuifanya kwenye kitu muhimu kuliko vyote ndani ya chembe.

Sehemu yangu ilianza kwa kipande kidogo, urasili, besi ya RNA. Ni unga mweupe. Tunauweka ndani ya tanuri dogo lililomo ndani ya chemba na kuupasha taratibu mpaka unatoa mvuke, tukichunga usiungue, maana kitu kilichoungua kina ioni zake. Masi ya molekuli ni 112. Nilikaa nikitazama 112 ikipita, mstari umelala.

"Mwalimu, mia na kumi na mbili haina kitu."

"Haitakuwa nacho, mwanangu. Hamia mia na kumi na moja."

Kwenye 111 kulikuwa na kilele chembamba, kirefu, karibu na elektronivolti 1. Molekuli ilikuwa imeinasa elektroni na kuitupa atomi moja ya haidrojeni. Urasili ina haidrojeni nne: mbili juu ya nitrojeni, mbili juu ya kaboni. Ipi imeondoka? Nilidhani swali hilo halina jibu kwa chombo kinachopima masi tu, kumbe watu walikuwa wameshalijibu kwa ustadi mkubwa. Unaiziba nafasi moja kwa kundi la methili, unapima tena. Ikizibwa nitrojeni iliyo nafasi ya kwanza kwenye pete ya molekuli, kilele cha karibu na 1 kinatoweka. Ikizibwa ile iliyo nafasi ya tatu, kile kinabaki na kinachopotea ni sehemu ya juu zaidi, karibu na 1.8. Thimini, jamaa yake wa DNA, ilijaribiwa ikiwa na dutiriamu mahali pa haidrojeni za kaboni, na kwenye nishati hizi ndogo kilichotoka ni haidrojeni ya kawaida, ile ya nitrojeni. Kwa maneno mengine, ukichagua nishati ya elektroni unachagua bondi.

Kundi la Krishnakumar huko Mumbai lilifikisha wazo hilo mbali zaidi. Mwaka 2005 walionyesha kwamba haidrojeni iliyo juu ya oksijeni, katika asidi ya asetiki au alkoholi, hutoka kama ioni karibu na nishati zile zile inapotokea katika maji, na ile iliyo juu ya kaboni hutoka karibu na nishati ya methani, kule juu kwenye 9 au 10. Kila kundi ndani ya molekuli kubwa linakumbuka tabia ya mzazi wake mdogo. Kwa mtu wa kemia hiyo ni zawadi: joto hukata bondi dhaifu kwanza, lakini elektroni iliyopangwa vizuri inaweza kukata iliyo imara na kuiacha iliyo dhaifu.

Matumizi yako mengi, nami ninapenda zaidi yale ya zamani. Mwaka 1957 James Lovelock alibuni kigunduzi cha kunasa elektroni. Ndani yake chanzo chenye mionzi kinatoa mkondo tulivu wa elektroni za polepole. Molekuli yenye klorini ikipita, inazinasa, mkondo unashuka, na unajua imepita. Nitrojeni na gesi nyingine nyingi hazifanyi hivyo, kwa hiyo kigunduzi kinaona kile tu kinachostahili kuonekana. Kati ya 1971 na 1972 alikisafirisha kwenye meli ya Shackleton kutoka Uingereza hadi Antaktika na akaikuta CFC-11, gesi ya viwandani yenye klorini, hewani kaskazini na kusini. Miaka miwili baadaye Molina na Rowland walieleza gesi hizo zingeifanyia nini ozoni. Kunaswa kule kule ninakokuona kwenye skrini kila siku ndiko kulikoziweka gesi hizo hadharani.

Katika tiba ya mionzi wazo ni kugeuza madhara yafae. Bromourasili ni urasili yenye bromini, inayofanana na thimini kiasi cha kuingia ndani ya DNA badala yake, na inanasa elektroni za karibu na sifuri na kuiachia bromini kama ioni. Kinachobaki kwenye uzi ni radikali, na radikali hiyo inaweza kuukata uzi.

Hapa ninalazimika kuwa mwangalifu, kwa sababu chemba yangu ni tupu na chembe hai imejaa maji. Mwaka 2016 yalitoka majaribio ya urasili na thimini zikiwa zimeshikana na molekuli chache za maji. Kilele cha kupoteza haidrojeni kilizimika, na badala yake zilionekana ioni nzima, zikiwa na maji yake ubavuni. Maji yanaichukua nishati ya ziada, au yanairudisha haidrojeni inayotaka kutoka, na molekuli iliyokatika ndani ya ombwe inapona. Haimaanishi kwamba elektroni za polepole hazidhuru DNA ndani ya mwili. Elektroni iliyonaswa kwenye besi inaweza kuhamia kwenye sukari na fosfati na kukata huko. Inamaanisha namba ya ombwe haihamishwi kwenye chembe hai kama ilivyo. Siku hizi mtu akiniletea namba ya uwezekano wa molekuli fulani kukatika, ninamwuliza kwanza molekuli hiyo ilikuwa imezungukwa na nini, kisha ilikuwa na joto kiasi gani.